SAKAFU YA BAFU KABLA YA VIGAE

Maneno yaliyosemwa na mwenzetu wa reli mbele ya wanachama wa Meru na Embu pamoja na jamaa zao



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja la nyumba, nalo ni jinsi ya kutengeneza sakafu ya mbao ya bafu ili ifae kuwekwa vigae, yaani taili kama mafundi wetu wanavyosema. Labda mtu atauliza, mfanyakazi wa reli ana habari gani na vigae? Wakati wa likizo nimefanya kazi pamoja na maseremala na mafundi wa taili huku nyumbani, na mengi nimejifunza kwao. Tena kazi yangu ya kila siku ni njia ya reli, nayo hufundisha kwamba kilicho juu hakiwi imara kuliko kilicho chini. Abiria huona behewa na reli inayong'aa. Hazioni kokoto zilizoshindiliwa chini ya mataruma. Lakini kokoto zikilegea, au maji yakituama humo, reli hupinda hata kama ni mpya. Bafu nalo ni vivyo hivyo.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Reli haikufika Meru wala Embu. Sisi wa huku tuliomo katika kazi hii twafanya kazi mbali, Nanyuki, Nairobi, hata Mombasa, na fedha zetu hurudi nyumbani kujenga. Nanyi mnajua nyumba nyingi za kwetu zilivyo: za mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake kuna uvungu. Ni nyumba nzuri. Ina joto wakati wa baridi ya Julai, wala unyevu wa ardhi hauipandi upesi.

Zamani bafu lilikuwa nje. Siku hizi maji ya mifereji kutoka mlimani yamefika katika boma nyingi, na watu wanataka bafu ndani. Sababu yao ni njema. Mama wa miaka 70 hapaswi kutoka nje usiku, kwenye umande na matope, ili akaoge au ajisaidie. Basi mwana aliye kazini huchukua mkopo wa akiba, hununua vigae, na kumwambia fundi aviweke juu ya mbao.

Hapo ndipo hasara huanza. Kigae hakipindi, ila huvunjika. Mbao hupinda, hutanuka na hunywea. Ukivifunga viwili hivyo pamoja bila matengenezo, kigae kitashindwa. Ufa mdogo ukitokea, maji huingia, mbao huoza kwa siri, na siku moja mguu wa mzee huzama sakafuni. Mkopo nao unaendelea kukatwa katika mshahara, bafu likiwa limekwisha kufa.

Najua nyumba moja upande wa Imenti ambamo mambo yalikwenda hivyo. Fundi alisema wazi kwamba sakafu inacheza, tena akaomba siku tatu za kuitengeneza. Mwenye nyumba akakataa. Malipo yalikuwa kwa kila mita ya mraba ya vigae vilivyowekwa, na matengenezo ya chini hayakuwa na bei. Vigae vikawekwa, vikapendeza sana. Mvua za Oktoba na Novemba zilipopita, vilikuwa vimepasuka mstari mmoja kutoka mlangoni hadi ukutani, sawasawa na ungio la mbao za chini. Mwenye nyumba akamnyima fundi baki ya fedha zake. Wote wawili walipata hasara, na kisa chake ni kazi ya siku tatu isiyolipwa.

TABIA YA MBAO

Sharti tuijue mbao kabla ya kuifunika. Mbao nyingi zinazouzwa kwetu ni saipresi, mkaratusi, na mukima, ule mti wa kivuli cha kahawa na chai. Mara nyingi huuzwa mbichi, zimepasuliwa juma hilo hilo. Mbao ikikauka hunywea, hasa kwa upana wake. Kwa urefu hunywea kidogo sana. Ubao wa inchi 6, yaani sita kwa moja, unaweza kubadilika upana kwa milimita 2 au 3 kati ya majira ya mvua na ya jua. Kigae hakibadiliki hivyo. Ndiyo sababu ufa hufuata maungio ya mbao.

Kwa hiyo, mbao mpya zisipigiliwe siku ya kununuliwa. Zipange chini ya paa, uweke vijiti kati yake ili upepo upite. Ubao wa unene wa inchi moja hutaka miezi kadhaa. Kama hujui umekauka au la, chukua kipande kimoja ukipime kwa mizani kila juma. Uzito ukiacha kupungua, mbao imekauka kadiri hewa ya kwetu inavyoruhusu. Tena kazi hii yafaa kufanywa wakati wa jua, Januari na Februari, au Agosti na Septemba kabla ya mvua.

HATUA YA KWANZA: INGIA UVUNGUNI

Nyumba ya nguzo ina faida kubwa, kwa kuwa unaweza kuiona sakafu kwa chini. Basi vaa nguo kuukuu, shika tochi na bisibisi, uingie. Choma kila boriti, yaani zile mbao za kusimama zinazobeba mbao za kukanyagia. Choma hasa karibu na ukuta, karibu na bomba, na pale boriti inapokalia nguzo. Bisibisi ikizama kwa nguvu ya mkono tu, mbao imeoza. Tazama pia njia za udongo zinazopanda nguzo, maana hizo ni barabara za mchwa.

Mbao mbovu ikatwe hadi uifikie nzima, kisha uongeze futi moja zaidi. Lakini kwanza tafuta maji yalikotoka. Kama bati linavuja au bomba linatoa jasho, kubadili mbao peke yake ni kuwalisha mchwa chakula kipya. Ziba kwanza, ukaushe, upake dawa ya mchwa, ndipo urudishe mbao.

Na kama boriti nyingi zimekwisha kuliwa, sikia shauri langu: usiweke vigae juu yake. Afadhali kukata sehemu ile ya sakafu, kujenga msingi wa mawe kutoka ardhini, na kumwaga zege. Bafu lina nafasi ndogo, na gharama yake haitakuwa kubwa kama kufanya kazi mara mbili.

HATUA YA PILI: PIMA KAMA SAKAFU INACHEZA

Hesabu mzigo kabla hujauweka. Chukua bafu la futi 5 kwa 6. Ukimwaga tabaka la simiti na mchanga lenye unene wa kadiri ya inchi 2, hilo ni kilo 280 hivi. Vigae na gundi yake ni kilo 60 hivi. Jumla ni kama kuweka karibu mifuko 7 ya simiti ya kilo 50 ndani ya chumba kile, ikae humo siku zote. Na hapo hujahesabu watu, ndoo za maji, wala plaiwudi.

Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wa Marekani na kwingineko kwa vigae ni hiki: gawanya urefu wa boriti, kutoka kitako hadi kitako, kwa 360. Boriti ya futi 6 ni inchi 72, na sehemu yake ya 360 ni kama milimita 5. Isishuke zaidi ya hapo. Kupima ni rahisi. Funga uzi ukazike chini ya boriti kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, upime nafasi ya katikati. Kisha watu wazima wawili wasimame juu yake, upime tena. Ikiwa watu wawili tu wanaishusha milimita 5, haitaweza kubeba kazi yako.

Kuna dawa tatu. Ya kwanza ni kuipa boriti ndugu yake, yaani kupigilia mbao nyingine nzima ubavuni mwake, urefu wote. Ya pili ni kuongeza boriti katikati ya zile za zamani, hata nafasi isizidi inchi 16. Ya tatu, ambayo kwetu ndiyo rahisi kuliko zote, ni kuweka nguzo na mhimili chini ya katikati ya boriti. Watu wengi hawajui nguvu ya nguzo hiyo. Ukigawanya urefu mara mbili, boriti haichezi nusu tu ya awali. Kwa mzigo wa mtu asimamaye katikati, hushuka kiasi cha sehemu moja ya nane tu. Nguzo ikae juu ya jiwe au zege, na kipande cha nailoni nzito kiwekwe kati ya zege na mbao, ili unyevu usipande.

HATUA YA TATU: TABAKA LA JUU

Mbao za kukanyagia zikazwe kwa skurubu mbili katika kila boriti. Msumari hulegea na kupiga kelele. Skurubu hushika. Palipoinuka pigwe randa. Halafu laza juu yake plaiwudi ya maji, ile ambayo madukani huitwa marini, ya milimita 18. Usitumie ubao wa vumbi la mbao ulioshindiliwa, hata ukiwa rahisi, maana ukinywa maji huvimba kama mkate.

Plaiwudi ilazwe kukata mbao za chini, isifuate mwendo wake. Maungio ya vipande yasikutane msalaba. Acha milimita 3 kati ya kipande na kipande, na milimita 6 kando ya ukuta. Kaza skurubu kila inchi 6 pembeni na kila inchi 8 katikati. Mtu wa reli haulizi kwa nini nafasi iachwe. Katika njia zetu za zamani tunaacha mwanya kati ya reli na reli, kwa sababu chuma hutanuka juani, na kisipopata nafasi kitainuka. Mbao nayo hutafuta nafasi yake.

HATUA YA NNE: KUZUIA MAJI

Mahali vinapopatikana vile vibao vigumu vya simiti, fundi aweza kuvilaza juu ya plaiwudi kwa gundi na skurubu, baada ya kuinamisha sakafu yenyewe. Huku kwetu si kila duka linavyo. Njia ya zamani bado inafaa, na vifaa vyake vyapatikana Maua, Chuka au Runyenjes bila taabu.

Tandaza nailoni nzito juu ya plaiwudi, ili mbao isinyonye maji ya simiti. Juu yake laza waya wa kuku, uupigilie. Changanya simiti karai 1 na mchanga safi karai 4, maji yawe kidogo, hata ukifinya mchanganyiko mkononi ushikamane wala usichuruzike. Umwage na kuulainisha, uteremke robo inchi kwa kila futi kuelekea tundu la maji. Kwenye tundu unene uwe inchi moja na robo. Mwisho wa futi 6 utafika inchi mbili na robo tatu. Kwa hiyo pima mlango mapema, maana itabidi ukatwe chini, na kizingiti kijengwe.

Funika kwa nailoni uunyweshe maji kidogo kidogo kwa siku 7. Simiti haikauki kama nguo. Hukomaa, na hukomaa vizuri ikiwa na unyevu. Kisha paka dawa ya kuzuia maji, ile ya brashi, mara mbili. Ipande ukutani inchi 6 pande zote, na mahali pa kuogea ipande kupita kichwa cha mtu. Pembeni na kuzunguka tundu weka kitambaa chake ndani ya dawa. Fuata maagizo yaliyoandikwa kwenye mfuko, wala usipunguze siku.

HATUA YA TANO: JARIBU KABLA HUJAFUNIKA

Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Ziba tundu, mwaga maji mpaka yafunike sakafu yote bila kupita kizingiti, yaache saa 24. Halafu ingia tena uvunguni na tochi. Ukiona hata tone moja, tafuta njia yake uizibe, na ujaribu upya. Hasara ya tone hilo leo ni brashi ya dawa. Hasara yake baada ya miaka miwili ni boriti.

Maji yakishikwa, hapo ndipo vigae viletwe. Chagua vidogo na vyenye mkwaruzo. Kigae kipana kinachong'aa hakifuati mteremko, na ni hatari kwa mzee mwenye mguu wenye maji. Pembeni mwa kuta, acha tena milimita 6, ujaze silikoni inayovutika, usijaze simiti.

Na uvungu uache wazi. Usizibe kwa mabati, usiweke kuni humo. Upepo unaopita chini ndio mlinzi wa mbao zako. Maji machafu yapelekwe kwa bomba hadi shimoni, yasimwagike kando ya nguzo.

AFYA YA FUNDI

Simiti mbichi huunguza ngozi. Mtu hasikii upesi, ila jioni magoti huwa vidonda. Fundi avae glavu na gambuti, asipige magoti katika simiti mbichi, na anawe kwa maji mengi. Akikata vigae au kusugua simiti kavu, afunike pua na mdomo kwa kinga ya vumbi, na alowanishe anapokata. Vumbi lile hukaa mapafuni wala halitoki. Mwenye kazi asihesabu vifaa hivi kuwa anasa.

MALIPO YA KAZI ISIYOONEKANA

Bwana Mwenyekiti, sasa nafika kwenye jambo ninalotaka wanachama waliweke moyoni. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika bafu, kazi kubwa ni ile itakayofunikwa. Kama bei ni ya vigae peke yake, unamlipa fundi ili aharakishe, na unamwadhibu akiwa mwangalifu. Sisi tunaodai ujira wa haki makazini, tusiende nyumbani tukamnyima mwenzetu ujira wa siku alizolala uvunguni.

Basi andikeni mapatano yenye sehemu tatu, kila moja na bei yake: kwanza kukagua, pili kutengeneza sakafu pamoja na jaribio la maji, tatu kuweka vigae. Fundi asifunike kitu kabla mwenye nyumba, au mtu wake, hajakiona. Na kwa kuwa wengi wetu tuko mbali, fundi apige picha kwa simu: boriti, skurubu, dawa, na maji ya saa 24. Kazi iliyofunikwa haina shahidi mwingine. Picha humlinda mwenye fedha, na humlinda fundi pia siku ya ubishi.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mwanachama mmoja aliuliza kama anaweza kubandika vigae juu ya plaiwudi moja kwa moja. Jibu: katika chumba kikavu kuna gundi za namna hiyo, sakafu ikiwa ngumu kweli. Mahali pa kuogea, asifanye hivyo. Maji yatapita katika maungio na kuikuta mbao haina kinga.

Mama mmoja aliuliza, "Mwanangu, kama fedha hazitoshi kwa yote, nianze na nini?" Jibu: Mama, anza na uvungu. Tengeneza boriti, weka nguzo ya katikati, laza plaiwudi na simiti, paka dawa, ujaribu maji. Hapo unaweza kutandika mpira imara wa sakafuni na kuoga katika karai kubwa hata mwaka ujao, dawa isikwaruzwe. Vigae vinaweza kungoja. Boriti iliyooza haingoji.

Mwingine aliuliza kazi yote huchukua siku ngapi. Jibu: kwa bafu la futi 5 kwa 6, mbao zikiwa kavu tayari, tengeni majuma mawili hadi matatu, na nyingi za siku hizo ni za kungoja simiti ikomae na dawa ikauke. Anayewaahidi kumaliza kwa siku mbili, mwulizeni ameacha hatua gani.

Likizo ya Agosti itakapofika, kabla hujaenda dukani kutazama rangi za vigae, chukua tochi na bisibisi, uingie kwanza chini ya nyumba.